Siti ya pikapu ya zamani imegoma kukaa vizuri: dalili, chanzo na dawa yake

Rangi imeisha, kapeti jipya limelala, siti imerudi kwa fundi inang'aa, mnaibeba wawili mnaiingiza kebini afu inagoma. Bolti ya mbele inaona tundu lake, ya nyuma haioni. Au zote zinaingia vizuri kabisa ila ukikaa kichwa kinagusa paa na mapaja yamebanwa na usukani. Wengi wakifika hapo wanalaumu siti, wanachukua drili wanatanua tundu mpaka linakuwa refu, na kuanzia dakika hiyo tatizo moja limeshazaa la pili.

Siti ya pikapu haijakaa yenyewe tu juu ya floo. Kuna floo ya kebini, juu yake kiboksi au breketi za siti, afu kapeti na kila kilichowekwa chini ya kapeti, afu reli, fremu, springi, sponji, mwisho kava. Ukifufua gari unabadilisha karibu vyote hivyo kwa mpigo, kila kimoja kinaongeza au kupunguza milimita zake, na kila fundi aliyegusa kimoja atakwambia kazi yake iko sawa, na inawezekana kweli iko sawa. Kwa hiyo swali la kujiuliza sio siti ina nini, swali ni kwenye tabaka gani ndo vipimo vimepotea. Ukilijua hilo dawa zake nyingi ni ndogo tu.

Kabla ya kukata chochote: jaribu fremu tupu

Kama bado hujapeleka siti kupigwa kava, una bahati, fanya hivi. Chukua fremu tupu na reli zake, weka kwenye floo tupu, bila kapeti, bila mkeka wa kuzuia kelele, bila chochote. Ingiza bolti zote kwa vidole, usikaze hata moja mpaka zote ziwe zimeshika nyuzi angalau mizunguko mitatu minne. Zikiingia zote kwa vidole basi floo na fremu ni wasafi, tatizo lolote utakalokutana nalo baadaye limetoka kwenye kapeti, sponji au kava. Zisipoingia, usihangaike na sponji, tatizo liko kwenye chuma.

Ukimaliza toa, weka kapeti, rudisha fremu, jaribu tena. Ndo hivyo hivyo unapanda tabaka moja moja. Inachosha, siti ya benchi ni nzito na kuitoa mlangoni bila kukwaruza rangi mpya ni kazi ya watu wawili, ila inachosha mara moja.

Kama siti imeshavikwa kava hutaifumua, sawa, tumia boksi la karatasi ngumu. Pindua siti, laza boksi kwenye reli, toboa alama za matundu yote kwa msumari, andika mbele na nyuma, kushoto na kulia, afu geuza boksi uliweke kwenye floo. Utaona papo hapo ni tundu gani limekimbia na limekimbilia wapi. Pima pia pembe kwa pembe, kutoka tundu la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, na kinyume chake, kwenye floo na kwenye siti. Vipimo viwili vya pembe vinatakiwa vilingane kama siti yako ina mpangilio wa mstatili (nyingi ziko hivyo, sio zote, kuna zingine matundu ya nyuma yamekaa karibu karibu kuliko ya mbele makusudi lakini hata hapo kushoto na kulia vinafanana). Mimi tofauti ikizidi milimita 3 naacha siti naanza kuangalia floo.

Na kama bado gari hujalifumua, pima kwanza: kutoka juu ya kikalio hadi paa, kutoka ukingo wa mbele wa kikalio hadi floo, kutoka mgongo wa siti hadi katikati ya usukani. Pima ukiwa umekaa na ukiwa hujakaa. Kipimo cha siti iliyochoka sio kipimo cha kiwandani, ila ni bora kuliko kukisia.

Dalili: matundu hayaoani

Anza na kitu kidogo kuliko vyote, maana ndo kinachosumbua watu wengi kuliko vyote. Reli za siti zina meno ya kufungia, upande wa kushoto na wa kulia, na kwenye siti ya benchi pande zote mbili zinaunganishwa na waya au fimbo moja inayovutwa na leva. Wakati wa kubeba na kupaka rangi, reli moja inateleza jino moja mbele ya mwenzake. Kwa macho huoni. Ukienda kufunga, matundu ya upande mmoja yamesogea sentimita mbili hivi, unaapa kwamba floo imepinda. Pindua siti, fungua lachi zote mbili (vile vifungio vinavyozama kwenye meno), rudisha reli zote mpaka mwisho wa nyuma, afu sogeza mbele ukihesabu meno, kushoto manne na kulia manne, achia leva uone lachi zote mbili zimezama kwenye meno. Jaribu tena. Nusu ya kesi zinaishia hapa hapa.

Haijaisha? Angalia kama reli hazijabadilishana. Kwenye pikapu nyingi ya kushoto na ya kulia zinafanana kwa mbali lakini hazilingani, moja ina leva na springi ya kurudisha, na mara nyingi masikio ya kufungia yamepinda kuelekea upande fulani. Zikibadilishwa, siti inakuja ndani au inatoka nje kwa sentimita nzima, afu inagusa mlango.

Baada ya hapo ndo uende kwenye floo. Pikapu ya miaka ya 60 au 70 karibu kila moja floo yake ilishaoza sehemu, na mtu alishachomelea kiraka. Kiraka kikichomelewa bila siti kuwekwa kwa majaribio, nati zilizochomelewa chini zinahama, na joto la kuchomelea linavuta bati. Hapa kuna njia mbili. Kama tundu limehama milimita mbili tatu, unaweza kulitanua, lakini upande wa bati la floo, sio upande wa reli, na juu yake uweke washa pana nene ili kichwa cha bolti kisizame. Ikizidi hapo, kata nati iliyo chini, funga fremu tupu ikiwa na bolti na nati zake mahali inapotakiwa kuwa, afu ndo uishikishe nati kwa kuchomelea siti ikiwa hapo hapo kama kipimo. Fremu ikiwa tupu bila sponji nasema, maana sponji na cheche ni moto.

Kingine: nyuzi. Gari likipakwa rangi au lami ya chini, nyuzi za nati zinajaa. Bolti inaingia mizunguko miwili inakwama, wewe unadhani imeingia upande kwa sababu matundu hayaoani. Pitisha tapu (kile chombo cha kuchonga nyuzi) ya saizi yake usafishe. Magari ya Kijapani mara nyingi utakutana na M8 au M10, ya Kimarekani ni saizi za inchi, na hizi mbili zinakaribiana vibaya, bolti ya inchi 5/16 na M8 zinadanganya macho kabisa. Ukilazimisha moja kwenye nati ya mwenzake unaua nyuzi.

Dalili: bolti zinaingia lakini siti inacheza au imelala upande

Siti inacheza kama meza yenye mguu mmoja mfupi, unakaza bolti ya kona ile mpaka inatulia, unafurahi. Usifurahi. Umeipinda reli, na reli iliyopinda ndo itakuletea tatizo linalofuata hapa chini.

Weka siti bila kukaza, tafuta kona iliyoning'inia, pima pengo lake kwa kuingiza vipande vya bati mpaka kimoja kibane. Unene huo huo ndo kipande chako cha kunyanyulia, kata bati lenye tundu katikati uliweke chini ya reli. Milimita 2 au 3 ni kawaida kwenye gari la umri huu. Ikifika 8 au 10, usiweke rundo la washa, kuna kitu kimeharibika: kiboksi cha siti kimezama, au raba za kebini, zile zinazokaa kati ya kebini na chesesi, zimekufa upande mmoja na kebini yote imelala. Raba zikifa milango nayo inakwambia, mapengo ya juu na chini hayalingani. Tengeneza raba kwanza, siti itajinyoosha yenyewe bila kuiwekea kitu.

Halafu usipime kwa pima maji ukilinganisha na ardhi, gari lenyewe linaweza kuwa limeegeshwa upande. Linganisha siti na kizingiti cha mlango, kushoto na kulia.

Dalili: reli ni ngumu, siti haitelezi, au inateleza nusu halafu inakwama

Kipimo chake ni rahisi. Legeza bolti zote mzunguko mmoja. Sogeza siti mbele na nyuma mpaka mwisho. Ikiwa imelainika, reli zenyewe ni nzima, tatizo ni kwamba hazijakaa sambamba, floo inazivuta. Siti ikiwa bado imelegea, isogeze mbele kabisa, kaza za nyuma kidogo, isogeze nyuma kabisa, kaza za mbele kidogo, rudia hivyo mpaka zikaze zote, kila hatua unajaribu kama bado inateleza. Ikikwama baada ya kukaza bolti fulani, kona hiyo ndo inataka kipande cha bati.

Ikiwa ngumu hata bolti zikiwa zimelegea, toa reli. Utakuta grisi ya zamani imegeuka kama gundi, imechanganyika na mchanga na nyuzi za kapeti. Safisha kwa mafuta ya taa na brashi, kausha, angalia gololi au roli za ndani kama zipo zote (wakati wa kufungua zinadondoka na kukimbia chini ya kabati, tandika kitambaa), paka grisi nyeupe ya lithiamu kidogo tu. Ukijaza grisi nyingi unakaribisha mchanga tena. Na rangi ya unga iliyopikwa kwenye reli ni nzuri kwa macho ila inaongeza unene sehemu ya kuteleza, ikwangue kwenye njia ya gololi.

Lachi kushika upande mmoja tu, hili sio la kuvumilia. Kaa, weka mguu kwenye bati la mbele, jisukume nyuma kwa nguvu, afu vuta mwili mbele. Siti ikijipinda kona moja inaenda nyingine inabaki, waya unaounganisha lachi umenyooka au umerefuka. Ufupishe au badilisha. Breki kali moja siti ikiruka mbele utakuwa unaendesha ukiwa umelalia usukani.

Dalili: siti iko juu sana

Hii ndo inaumiza roho kwa sababu siti ni nzuri, mpya, na umeilipia.

Sponji ya zamani unayoikumbuka ilikuwa imeshalala miaka mingi, labda imebaki nusu ya unene wake. Mpya imesimama, ni ngumu zaidi, na chini yake springi zimeshatengenezwa zimenyooka, kwa hiyo kupanda sentimita 3 au 4 ukilinganisha na ulivyozoea sio ajabu, na sehemu ya hizo ndo urefu halali wa kiwandani. Kaa nayo kwanza. Sponji mpya inashuka kidogo wiki za mwanzo kwa uzito wa mtu. Ukikata siku ya kwanza, baada ya mwezi utakuwa umekaa shimoni.

Ila kabla hata ya sponji, chungulia chini. Mapikapu mengi ya zamani yalitoka kiwandani na mpira tu kwenye floo, sio kapeti. Wewe umeweka mkeka wa kuzuia kelele, juu yake felti, juu yake kapeti lenye mgongo mzito, na vyote vimepita chini ya breketi za siti. Hapo una sentimita nzima au zaidi ambayo haikuwepo, na mbaya zaidi haiko sawa kila kona, kwa sababu felti imekunjwa kona moja na haikufika kona nyingine. Dawa: kata felti na mkeka kuzunguka miguu ya siti ili breketi ikalie chuma, au kapeti peke yake kwa uchache. Kapeti juu huwezi kuona ulichokata kwa sababu breketi inafunika. Hii peke yake inashusha siti na inaponya kucheza kwa wakati mmoja.

Tundu la bolti kwenye kapeti usitoboe kwa drili. Drili inakamata uzi mmoja wa kapeti inaufumua mstari mzima mpaka mlangoni, kwa sekunde. Ingia chini ya gari, sukuma msumari kutoka chini kupitia tundu la nati uone ulipotokea, afu toboa kwa ncha ya chuma iliyopashwa moto, inayeyusha nyuzi na kufunga kingo hapo hapo. Kabla ya moto hakikisha chini ya hapo hapapiti bomba la mafuta wala waya.

Sasa kama umefanya hayo yote na bado uko juu, sponji inapunguzwa. Inapunguzwa kutoka chini, upande unaolalia springi, sio juu, kwa sababu juu kuna umbo lililotengenezwa na ukigusa kava itapwaya. Chora mstari kuzunguka pande zote, tumia kisu cha umeme cha jikoni, kile chenye meno mawili yanayopishana, kinakata sponji laini bila kuchana. Kata sentimita moja, jaribu, ndo ukate nyingine. Ukingo wa mbele unaobeba mapaja uache, watu wanaupunguza ili usukani usibane halafu wanaendesha saa moja miguu inakufa ganzi.

Usukani wenyewe pia ni mshukiwa. Ile ya zamani isiyo na pawa ilikuwa mikubwa, inchi 16 au 17, ili upate nguvu ya kukata kona. Kama umeshaweka pawa stelingi, usukani wa inchi 15 unakupa nafasi ya nusu inchi hadi inchi nzima kwenye mapaja bila kugusa siti.

Dalili: siti imekusogeza mbele, mgongo umesimama wima

Kebini ya pikapu ya mlango mmoja mmoja ina ukuta nyuma yako, hakuna pa kukimbilia. Chochote ulichoongeza kati ya ukuta na mgongo wa siti unakilipa kwa magoti. Orodha ya washukiwa: mkeka mnene wa kuzuia joto uliobandikwa ukutani, sponji mpya ya mgongo, vikunjio vya mikanda ulivyofunga nyuma, jeki na spana zilizorudi mahali pake kwa pozi tofauti.

Halafu kuna tangi. Chevrolet C10 za 1967 hadi 1972 zilikuwa na tangi la mafuta ndani ya kebini, nyuma ya siti, na Ford F-100 za kipindi hicho hicho vilevile. Kwenye hizi mgongo wa siti unalala karibu kabisa na tangi, kwa hiyo sponji ya mgongo ikizidi sentimita mbili siti nzima inasukumwa au egemeo linasimama kama la kanisani. Angalia kama tangi limekaa kwenye nafasi yake, kamba zake zimekazwa na raba za nyuma ni za unene sahihi, maana tangi likirudishwa na raba nene linakuja mbele. Wenye magari hayo wengi wanahamisha tangi kwenda nyuma chini ya bodi, wanapata nafasi na wanaondoa harufu ya petroli kebini, ni kazi nzuri, ila usiifanye kwa ajili ya sponji tu. Na tangi likiwa ndani ya kebini usichomelee chochote, hata tone, mpaka litoke nje ya gari. Tangi tupu ndo baya zaidi, limejaa mvuke.

Egemeo lenye bawaba unaweza kulirekebisha pembe: washa moja au mbili kwenye bolti za bawaba, chini, zinalaza mgongo nyuma kwa kiasi ambacho mgongo wako utakisikia mara moja. Hakikisha tu bado linakunjika mbele bila kugusa usukani.

Dalili: inazama upande wa dereva

Kava mpya juu ya springi zilizokufa. Upande wa dereva umebeba mtu miaka yote, upande wa pili ulikuwa umekaa bure. Ingiza mkono chini ya siti ubonyeze springi moja moja, iliyovunjika inakuchoma, iliyochoka inarudi polepole au hairudi. Waya wa ukingo wa mbele ukivunjika, kona nzima inashuka hata kama springi ni nzima, wengi hawauangalii.

Springi iliyovunjika ifunge na mwenzake kwa klipu au waya mgumu, iliyochoka itoe uweke nyingine, usijaze sponji kufidia, sponji inaingia kwenye tundu la springi inaliwa taratibu. Juu ya springi, kabla ya sponji, weka gunia zito ulifunge kwenye waya za fremu. Gunia ndo linalozuia springi kula sponji, na pia linaua ule mlio wa kwi kwi kila ukipita kwenye tuta.

Dalili: kava haifiki au ina mikunjo, na siti ilikuwa inaingia kabla ya kuvikwa

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu hawaunganishi kava na bolti. Pindua siti uangalie pale reli inapokutana na fremu. Fundi akivuta kava anakunja ukingo chini, anafunga kwa pete za waya, na akiwa na haraka anapitisha reksini kati ya reli na fremu, tabaka mbili, pengine na pete ndani yake. Umepata milimita 4 kona moja. Siti inakaa upande, reli inakuwa ngumu, na baada ya muda reksini inabanwa inakonda, bolti inalegea bila mtu kuigusa. Legeza reli, kata reksini iliyobanwa hapo tu, rudisha pete pembeni, kaza chuma kwa chuma.

Mikunjo juu ya kava: uliza kama nyaya za zamani zilizokuwa ndani ya mishono zilihamishiwa kwenye kava mpya. Hizo nyaya ndo zinazovuta mshono chini uzame kwenye mfereji wa sponji. Bila hizo nyaya, pete zinachana kitambaa na kava inaelea. Kuvisha kunaanza katikati kwenda pembeni, mshono wa kati wa kava ukiwa umelingana na mfereji wa kati wa sponji, ukianzia kona moja utamaliza na mkunjo kona nyingine kila mara. Kava ya reksini iache juani ilainike kwanza, na weka plastiki nyembamba juu ya sponji ili iteleze. Mikunjo midogo inayobaki inaisha kwa mvuke au draya ya nywele, mikubwa haitaisha, hiyo ni kava ya siti nyingine.

Umeweka siti za gari nyingine

Siti mbili za gari la saluni badala ya benchi, naelewa, zinakaa mgongo vizuri. Ila zimetengenezwa kwa floo ya gari lao, miguu ya mbele ni mirefu au ya ndani ni mifupi kwa sababu kule kulikuwa na mgongo wa gia. Ukizifunga kwenye floo iliyonyooka zinakuinamisha. Kata miguu ya zamani tu kama siti inaruhusu, tengeneza besi ya mraba wa chuma, na kila bolti iwe na bati la chini ya floo, sio washa. Kwa kipimo cha kuegemea: kanuni za FIA (shirikisho la kimataifa la michezo ya magari) za magari ya rali zinataka kwa kila sehemu ya kufungia bati la chuma la unene usiopungua 3 mm na eneo la mgusano lisilopungua 40 cm². Wewe hushindani, lakini floo yako ni ya miaka hamsini.

Siti yenye waya za njano chini yake ina eabegi. Usipime waya hizo kwa mita. Na siti ambayo kufuli ya mkanda imefungwa kwenye fremu yake, ajali ikitokea uzito wako wote unabebwa na bolti za siti, kwa hiyo besi dhaifu hapo haifai.

Mikanda, gia na vitu vidogo

Bolti za mikanda ni habari nyingine kabisa, karibu zote ni inchi 7/16 yenye nyuzi 20 kwa inchi, hata kwenye magari ya Kijapani, usiweke M10 eti inafanana. Kufuli ikizama kati ya kikalio na mgongo baada ya sponji mpya, tafuta yenye shina refu, usiivute kwa kupinda. Kikunjio cha mkanda kikigoma kutoa mkanda baada ya kufungwa, kimekaa pembe mbaya, ndani kina kitu kinachohisi mwinamo, kigeuze mpaka kiachie.

Fimbo ya gia ikigonga kikalio kwenye namba mbili au rivasi, siti ikiwa mbele kabisa, jaribu kwanza namba zote kabla ya kuwasha gari. Fimbo inaweza kupindwa kwa joto ikiwa nje ya gari. Kishikio cha dirisha kinachogusa siti mara nyingi kimefungwa tu kikiangalia vibaya, kitoe ukigeuze.

Kukaza kwa mwisho: siti katikati ya reli, bolti za M8 za daraja 8.8 karibu Nm 25 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), za M10 karibu Nm 50, kama kitabu cha gari kinasema vingine fuata kitabu. Endesha wiki mbili tatu kwenye barabara mbovu, afu rudi na spana, kapeti litakuwa limeshalala na bolti za nyuma hasa utazikuta zinakubali robo mzunguko zaidi.